Machela Tupu

Kwa mara ya nne tangu watoke Kiroka, Karani Yunusi aligonga mti wa machela kwa fimbo yake, na watu wanne waliombeba wakasimama.

"Nishusheni."

Hakuna aliyeuliza kulikoni. Walimshusha pale pale njiani, palipokuwa na mteremko mkali upande mmoja na migomba upande mwingine, wakageuza nyuso zao bondeni. Karani akajikwamua kwenye kitambaa, akaingia migombani, akakaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa anahema, naye akaomba maji. Kibuyu kilikuwa kitupu. Alikuwa ameyamaliza yeye mwenyewe kabla jua halijafika utosini, na wale wanne hawakuwa wamepata hata funda moja.

Yunusi bin Abasi alikuwa mtu wa Bagamoyo. Alifika Morogoro kabla ya reli, akiwa kijana mwembamba mwenye hati nzuri, na hati ile ndiyo iliyomlisha. Wadachi walimweka akida kusimamia vijiji vya Uluguru kutoka Bigwa mpaka Kinole, na akida, ambaye kalamu ilimshinda, akamchukua Yunusi awe karani wake. Kila mwezi karani alipanda milimani kuandika mashauri: mpaka wa shamba, mke aliyekimbilia kwao, mbuzi aliyekula mboga za jirani. Alipanda kwa machela. Siku nyingine alikaa barazani mjini. Kwa miaka kumi miguu yake haikujua safari ndefu kuliko ile ya kutoka kitandani mpaka mkekani. Alinenepa, na watu wakausifu unene wake, kwa maana ulionyesha kwamba kazi inamkubali. Chai aliinywa na vijiko vinne vya sukari. Halua haikukosekana nyumbani kwake, wala tende, wala wali wa nazi mchana na jioni.

Usiku ule alilala Kinole kwa jumbe. Asubuhi, alipokuwa anafunga kilemba, mmoja wa wabeba machela alimjia ukumbini. Huyu aliitwa Severini, Mluguru wa pale pale Kinole, Mkristo wa misheni, mrefu, mwenye nundu ngumu begani ambapo mti wa machela ulikuwa umekaa miaka mingi.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Unasemaje?"

Severini alitazama chini. "Naomba radhi. Kule nyuma ya nyumba, pale ulipotoka usiku, sisimizi wamejaa. Wamefanya njia mpaka ukutani. Mjomba wangu alianza hivyo hivyo. Alikuwa mnene kama wewe, kisha akakauka kama ukuni. Nimeona nikwambie mapema, uende kwa mganga."

Nyuma yake, mlangoni, mwenzake aliyeitwa Pazi alishindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani. Yunusi hakusikia habari ya mjomba, wala ya mganga. Alisikia kicheko tu. Mpagazi alikuwa amekwenda kukagua mkojo wake, na sasa anautangaza nyumbani kwa jumbe.

Waliporudi mjini alimwambia akida kwamba Severini amemtukana mbele ya watu. Akida hakuuliza tusi lenyewe lilikuwa lipi. Severini alilazwa kifudifudi uani, akapigwa viboko hamsa ishirini, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Karani alisimama kibarazani na daftari lake, kwa sababu ilikuwa lazima iandikwe kwamba adhabu imetimizwa. Aliandika. Mkono haukumtetemeka. Hicho ndicho kitu ambacho baadaye kilimrudia mara kwa mara, kuliko hata sauti ya kiboko: kwamba hati yake siku ile ilikuwa nzuri.

Miezi miwili haikupita, hati ikaanza kumharibikia. Mistari ilichezacheza mbele ya macho. Alikuwa akilala amechoka na kuamka amechoka zaidi, kama mtu aliyelimishwa usingizini. Kiu haikumwacha. Kanzu ambazo mkewe alizipanua mwaka juzi sasa zilimning'inia, na watu waliokuwa wakimsifu wakaanza kumuuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani ni salama. Kisha viatu vipya vikamtoa lengelenge kwenye kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto. Halikumuuma, kwa hiyo hakulijali. Lilipasuka, likawa kidonda, na kidonda kikaanza kunuka.

Ni Shamsia, mkewe, aliyeufunua mguu ule siku moja alipokuwa anamletea maji ya kunawa. Aliutazama, akaweka birika chini.

"Baba Mosi, hiki ni kitu cha kuficha?"

"Hakiniumi."

"Hicho ndicho kinachonitisha. Na lile beseni lako la usiku, nimechoka kulimwagia maji ya moto. Sisimizi hawatoki. Nilinyamaza nikidhani utasema mwenyewe."

Yunusi akaufunika mguu kwa upindo wa kanzu. Shamsia alidhani ni ukaidi. Ilikuwa aibu.

Mganga wa Kidachi, mzee mwenye ndevu za kijivu na Kiswahili kilichokatika vipande, aliishi karibu na boma. Yunusi alipelekwa kwake kwa machela. Alikojoa ndani ya kikombe, na mganga akachukua mkojo kidogo, akautia kwenye kichupa chembamba pamoja na dawa ya buluu, akakishika juu ya moto wa taa ndogo. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, mwisho ikawa rangi ya tofali.

"Sukari," mganga alisema. "Nyingi. Imejaa damuni, inatoka na mkojo. Hakuna aliyekwambia mapema? Mara nyingi sisimizi huja kwanza. Mtu huona."

Yunusi alitazama kile kichupa chekundu. "Hapana, Bwana. Hakuna."

Mganga alikikata kidole, kwa maana hakikuwa na la kuokoa, akakisafisha kidonda na kukifunga, akamwambia arudi kila siku mpaka pafunge. Yunusi alipouliza dawa ya ile sukari yenyewe, mzee akacheka bila furaha.

"Dawa ya chupa sina. Ulaya pia hawana. Sukari, acha. Tende, acha. Halua, acha. Wali, muhogo, ndizi, kidogo sana, kiganja kimoja. Kula majani, kunde, samaki, mayai."

"Bwana, nitakufa njaa."

"Utakufa kwa kushiba. Na mguu ukipona, tembea. Kila siku. Si kutoka chumbani kwenda uani. Tembea mpaka jasho." Alinyoosha kidole dirishani, kwa wale wanne waliokuwa wamechuchumaa nje wakingoja. "Hicho kitanda chenye miguu minane, usikipande tena."

Mguu ulichukua wiki saba kupona. Katika wiki hizo Shamsia alipika vyungu viwili, kimoja cha nyumba na kimoja cha mumewe. Cha mumewe kilikuwa mchicha, au kunde, au mnavu uliochemshwa ukapunguzwa uchungu, na wali uliopimwa kwa kiganja chake yeye mwenyewe, kwa kuwa cha Yunusi kilikuwa kikubwa. Yunusi alikula akitazama ukuta. Kila mlo ulimwacha na hamu ya mlo mwingine. Usingizini aliota halua, akaamka na hasira na watu ambao hawakumkosea lolote.

Kisha akaanza kutembea. Siku ya kwanza alifika mwisho wa nyumba za mjini, akageuka, akalala mpaka alasiri. Shamsia alikuwa amemtengenezea makubadhi mapana yenye kitambaa laini ndani, na kila aliporudi alimkalisha kizingitini, akamkagua nyayo zote mbili, katikati ya kila kidole, kama mtu anayechambua mchele. Baada ya mwezi Yunusi akawa anafika Bigwa, chini kabisa ya milima, na kurudi. Watu walitoka kumtazama. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapepeta mahindi mlangoni, Chausiku, alimwamkia kila siku na kila siku akamuuliza swali lile lile: "Karani, wamekuacha?" Alikuwa na maana ya wabeba machela. Yunusi alijibu kwamba yuko mazoezini, na neno hilo likamchekesha Chausiku, kwa kuwa watu aliowajua yeye walitembea kwa sababu walikuwa na mahali pa kwenda.

Akida hakucheka. "Yunusi, wewe unakwenda kule kwa niaba yangu, na mimi ni kwa niaba ya serikali. Ukifika kwa miguu, una vumbi mpaka magotini, nani atakuogopa?"

"Mganga amenikataza kubebwa."

"Basi tembea. Lakini machela iende nawe. Waione."

Ndivyo ilivyokuwa. Safari ya kwanza baada ya ugonjwa, watu wanne walipanda milima wakiwa wamebeba machela tupu, na karani akawafuata nyuma kwa miguu. Watoto wa Kiroka walikimbilia njiani kuchungulia ndani ya kitambaa, wakadhani kuna maiti, walipoona hakuna kitu wakashangaa zaidi.

Baada ya Kiroka njia iliinuka. Severini alikuwa nyuma upande wa kushoto, na mgongo wake ulikuwa hatua tatu mbele ya macho ya Yunusi. Jua lilipokuwa kali Severini aliivua shuka begani, akaifunga kiunoni. Makovu yalikuwa yamevimba, yamepishana, mengine meusi na mengine ya rangi ya nyama. Yunusi hakuwa na pa kuweka macho. Akitazama chini, jiwe. Akitazama juu, mlima. Akitazama mbele, ule mgongo.

Mapaja yaliwaka. Moyo ulimpiga masikioni. Mahali palipokuwa na ngazi za mawe alishika mti, akasema kwa sauti isiyofika mbali, "Ngojeni."

Pazi alisema bila kugeuka, "Machela iko hapa, Karani. Mganga hayupo."

Wote walisimama wakingoja aseme ndiyo. Kilikuwa kitu chepesi mno. Kitambaa kilikuwa pale, kimelegea, kivuli ndani yake. Yunusi alikitazama kwa uchu kama alivyokuwa akiitazama halua.

Ni Severini aliyemsogelea. Hakumshika mkono. Alisimama ngazi moja mbele yake, akampa kisogo.

"Hatua fupi," alisema. "Umbali wa unyayo mmoja tu. Usitazame mlima. Tazama visigino vyangu. Vikisimama, simama. Vikienda, nenda."

Kwa hiyo alitazama visigino. Vilikuwa vimepasuka, vyenye udongo mwekundu ndani ya nyufa, na havikuharakisha. Hivyo ndivyo Karani Yunusi alivyofika Kinole kwa miguu yake, karibu na magharibi, akiwa hawezi hata kujibu salamu ya jumbe.

Kwa jumbe kulikuwa na wali na ndizi za kukaanga. Yunusi alishindwa kuomba chakula kingine, na alishindwa kula kile. Severini aliona, akasema kwake kuna kunde. Nyumba yake haikuwa mbali. Mkewe Regina aliweka chungu chini, akamkaribisha mgeni kwa maneno yote ya heshima na uso ambao haukuwa na hata chembe ya ukaribisho. Yunusi alikula kunde na majani. Regina alikwenda nje. Yunusi aliuosha mkono, akaukausha muda mrefu.

"Severini. Siku ile uliniambia kweli."

"Ndiyo."

"Nilikwenda kwa akida nikasema umenitukana."

"Najua ulichosema. Nilikuwepo."

"Nataka..." Yunusi alikuwa ameandika barua nyingi za kuomba radhi kwa niaba ya watu, lakini maneno yale yote yalikuwa ya karatasi. "Nimekukosea. Nisamehe."

Severini alikuwa anaondoa miiba kwenye unyayo kwa ncha ya kisu. Hakuacha. "Padri anasema nisamehe, nami nimemwambia padri nimesamehe. Wewe nitakwambia nini? Mgongo umefunga. Mvua ikinyesha unawasha. Regina ndiye aliyenikanda, muulize yeye." Akapuliza unyayo. "Nimechoka, Karani. Kesho ni safari tena. Nenda ukalale."

Yunusi alirudi kwa jumbe peke yake. Regina alikuwa anachanja kuni nyuma ya nyumba, na Yunusi akapita bila kumuuliza.

Mganga alipopima tena, buluu iligeuka kijani kama jani changa, ikaishia hapo. Yunusi alitaka kuruka. Mzee akamkazia macho. "Hujapona. Nisikilize vizuri. Hutapona. Hii ni mpaka kufa. Unatembea, inalala. Unakaa, inaamka. Kula hivi, tembea hivi, miaka yote."

"Yote?"

"Yote."

Alitoka pale akiwa na habari njema, na akaibeba nyumbani kama mzigo. Alikuwa amedhani kuna siku ya mwisho, kama kifungo. Angeweza kuvumilia miaka miwili, hata mitano, kama mtu angemwambia ni mitano.

Sikukuu ya Idi majirani walileta sinia la halua. Shamsia alikwenda kwa shoga yake kutoa mkono wa Idi, na aliporudi alimkuta mumewe chumbani amekaa sakafuni, vidole vinang'aa mafuta, sinia limebaki robo. Yunusi alingoja kukaripiwa. Shamsia hakumkaripia. Alikaa naye chini, na nguo zake za sikukuu, akaegemea ukuta.

"Kila siku napika mara mbili," alisema. "Natafuta majani sokoni, nachambua, natazama nyayo zako kama mwanangu mchanga. Mosi akiumwa na kichwa naogopa, wewe ukiomba maji mara mbili naogopa. Sina siku ya kupumzika. Wewe umechoka na ugonjwa, Baba Mosi. Mimi nimechoka na wewe."

Alisema bila ukali, na hapo ndipo Yunusi alipolia. Alikuwa hajalia kidole kilipokatwa.

"Nifanyeje, Mama Mosi?"

"Sijui. Kula unachokula. Mimi sitakulinda tena." Akavua viatu vyake vya sikukuu, akavitazama. "Kesho nitakwenda nawe mpaka Bigwa. Kukaa hapa nikikuwaza kunanichosha kuliko njia."

Kuanzia siku hiyo walikwenda wawili. Chungu nacho kikawa kimoja, kwa sababu Shamsia alisema kama majani yanamfaa mgonjwa hayatamuua mzima. Mosi, binti yao, alinuna wiki nzima, kisha akazoea.

Lile la machela lilimchukua Yunusi mwaka mzima wa kujipa moyo. Alimwandikia akida barua rasmi, hati nzuri, kwamba karani hahitaji machela, na kwamba watu wanne waliopangiwa kazi hiyo warudi mashambani kwao. Akida aliisikiliza ikisomwa na yule yule aliyeiandika.

"Machela si yako," alisema. "Ni ya karani wangu. Usipoitaka, nitatafuta karani anayeitaka."

"Basi mtafute, Bwana."

Aliyasema kabla hajayafikiri. Akida alimtafuta, akampata, kijana wa Pangani, mnene wa wastani. Kwa hiyo machela iliendelea kupanda Kinole kila mwezi, safari hii ikiwa na mtu ndani, na mabega yalikuwa yale yale. Barua ya Yunusi haikumwondolea Severini hata hatua moja. Walipokutana njiani Bigwa, wale wanne na mzigo wao mpya, yeye na Shamsia wakisogea pembeni kuwapisha, Severini aliinamisha kichwa kidogo kwa salamu na kupita. Yunusi alisimama akisikia pumzi zao mpaka zikapotea kwenye kona.

Alipata shamba dogo Bigwa, akalima kunde na mchicha, akawaandikia watu barua kwa malipo ya mayai na kuku. Kulima kulimvunja mgongo. Hakuwahi kulipenda. Lakini mistari ilitulia tena mbele ya macho yake, miguu ilibaki na vidole tisa, na mganga, kabla hajarudi kwao Ulaya, alimpima mara ya mwisho, akatikisa kichwa kwa namna ya kukubali.

Mwaka wa tano wa kutembea, masika yalikuja na nguvu. Asubuhi moja Yunusi aliamka akasikia mvua juu ya makuti, akageukia ukutani. Alihisi uzito wa kila asubuhi aliyokwisha kuamka, na wa zile zilizobaki. Shamsia alikuwa amekwisha kusimama, kanga kichwani, anatafuta makubadhi yake gizani kwa mguu.

"Twende, au tusiende?"

"Nimechoka."

"Na mimi."

Yunusi aliinuka, akakaa kitandani. Akampa mguu wa kushoto, Shamsia akaukagua, akampa na wa kulia. Hakukuwa na kitu. Walitoka. Njia ilikuwa tope tupu na Uluguru wote umefunikwa na wingu, hata miteremko ya karibu haikuonekana. Walikwenda polepole, yeye mbele kidogo, Shamsia akilalamikia magoti yake, na walipofika kwenye kijito wakakuta maji yamefurika yamechukua magogo ya kuvukia.

"Leo tumefika hapa," alisema Shamsia.

Walisimama kidogo wakitazama maji ya kahawia yanavyopita, kisha wakageuka kurudi nyumbani.